Chumba cha Uani na Moshi wa Kuni

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Manundu, Korogwe

Likizo, siku ya tatu. Chuoni naamka saa nne: chai ya rangi, sigara, kipindi kama kipo, sigara. Hapa saa kumi na mbili nishashikishwa ufagio! Leo mama ametangaza kuwa chumba cha uani, chenye mlango wake, atapewa mmoja wetu: mimi au binamu yangu Dunstan, anayekaa kwetu. Atakayenuka sigara asahau. Dunstan akatabasamu. Havuti, hanywi, asubuhi anakimbia mchakamchaka peke yake. Mtu wa ovyo sana.

Jumanne, 5 Agosti

Dunstan kanusa shati langu mbele ya mama! Nikakimbilia jikoni, nikainama kwenye mafiga, nikapuliza moto mpaka machozi. Mama alipokuja kunusa, kuni tupu. Akamgombeza Dunstan kwa kunisingizia. Akili kama hii haina mhadhiri wa kuifundisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Mambo safi. Sigara nyuma ya choo, kisha mbio jikoni. Napika chai, maharage, ugali. Nachemshia maji ya kuoga watu ambao hawajaomba. Mama ametangaza mtaa mzima. Bibi Chausiku, jirani, kaja kunitazama nikisonga ugali. Nikampa shikamoo. Akasema hajapata kuona msomi wa namna hii, na kwamba ana mjukuu. Dunstan naye akajaribu kupika. Akaunguza maharage. Ha!

Jumamosi, 9 Agosti

Nakohoa. Mama kanipeleka zahanati. Nesi Glory akanipima kifua, akauliza navuta ngapi kwa siku. Nikajibu kinyonge kwamba ni moshi wa kuni. Mama akaangua kilio pale pale kwenye benchi, akisema anamuua mwanawe kwa jiko lake mwenyewe. Niliona aibu. Kweli niliona. Tulipokaribia nyumbani akasema chumba ni changu. Nikapata nafuu.

Jumapili, 10 Agosti

Ushindi! Nimehamia. Godoro kabeba Dunstan, kwa amri ya mama.

Ila mama kang'oa mafiga, kaazima jiko la gesi kwa dada yake. Miaka thelathini kapikia kuni, na kaziacha kwa siku moja, kwa ajili yangu. Jambo hilo lilinigusa sana. Nililitafakari kitandani kwa muda wa sigara mbili.

Tatizo, gesi haiachi harufu ya moshi nguoni, na Dunstan ameshaanza kupitapita mlangoni. Lakini mimi ni mimi! Babu Paulo wa Misima ana mizinga ya nyuki, na asali hailinwi bila moshi. Nimemwambia mama hewa ya shamba itanitibu kifua. Akalia tena, safari hii kwa furaha. Naondoka kesho, hadi chuo kifunguliwe.

Chumba atanitunzia Dunstan. Alale humo, afagie, afunge mlango. Maskini, hajui hata kama ameshindwa.