Barua kwa Dashibodi Inayosema Nambis Ina Ng'ombe Wawili

Baltazar Bura,
Mwanachama namba 41,
Nambis, Mbulu.

Kwa Ndugu Dashibodi,
Ukutani,
Ofisi ya Ushirika wa Wafugaji Mshikamano,
Katesh, Hanang.

K.K. Meneja Emanuel (ambaye meza yake iko chini yako)

Ndugu Dashibodi,

YAH: KUFUNGWA KWA JOSHO LA NAMBIS, NA KUPOTEA KWA NG'OMBE WETU WAKIWA BOMANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza salamu. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikijiuliza nani amwamkie nani. Mimi nina miaka sitini na saba. Wewe ulipigiliwa ukutani mwezi wa pili mwaka huu, misumari minne, nikiwa nimesimama pale pale. Kwa hesabu hiyo shikamoo ni yako kuitoa, na kwa kuwa najua huwezi, nimeipokea hivyo hivyo. Marahaba.

Zamani ningemwandikia Meneja. Lakini kwenye mkutano wa wanachama nilisimama nikamuuliza kwa nini josho letu linafungwa mwisho wa mwezi huu, na yeye akakunyooshea kidole akasema, "Mzee Baltazar, siamui mimi. Data ndiyo inaamua." Nikaona si vizuri kumsumbua mtu asiyeamua. Nimekuja kwa mwenye mamlaka.

Kwa faida ya wale watakaosomewa barua hii bila kuwahi kukuona, niseme wewe ni runinga kubwa isiyoonyesha mpira wala taarifa ya habari. Una ramani ya vijiji vyetu, nguzo za rangi, na duara lililokatwa vipande kama mkate wa sherehe. Makarani wanazunguka na vishikwambi, wanauliza, wanajaza, majibu yanakwenda hewani hadi kwako, na wewe unayageuza kuwa rangi. Kijani maana yake pelekeni dawa. Nyekundu maana yake fungeni. Nambis ni nyekundu. Kata nzima, unasema, tuna ng'ombe wawili.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hao wawili nawajua. Ni wa mwalimu mgeni, ng'ombe wa kisasa, wanakula wakiwa bandani na wananyunyiziwa dawa kwa bomba la mgongoni. Hawajawahi kukanyaga josho. Kwa hiyo kwa mujibu wako josho la Nambis, ambalo kila Alhamisi lina foleni tangu jua halijatoka, linaogesha ng'ombe sifuri. Naomba basi uniambie ni akina nani wanaotuchafulia maji yale, ili tuwachukulie hatua.

2. Jinsi tulivyopotea ni hivi. Karani Loveness alifika kwangu, binti mwenye adabu, akaamkia, akakaa kwenye kigoda bila kulazimishwa, akauliza kama kishikwambi kilivyomwelekeza: "Mzee, una ng'ombe wangapi wa kwako hapa nyumbani?" Nikamjibu ukweli. Sina. Bomani walikuwepo kumi na wanne, wakitutazama. Lakini si wangu. Watano ni wa shemeji yangu, wanane ni wa rafiki yangu Sulle wa Dongobesh, na mmoja habari yake ni ndefu na haihusiani na barua hii. Wangu mimi ni tisa, na wote wako kwa watu. Karani mwingine alipofika kwa Sulle, naye alijibu ukweli, kwamba hana.

Ndivyo tunavyofuga tangu kwa babu zetu, Ndugu Dashibodi. Ng'ombe wako unampa mwenzako amtunze. Maziwa na samadi ni vyake, ndama ni wako, na ng'ombe akifa unaletewa ngozi yake ili uamini. Ugonjwa ukiingia boma moja haukumalizi, na asiye na ng'ombe anakunywa maziwa. Mtu anayerundika ng'ombe wake wote kwake, watu wakapita wakawahesabu, huku kwetu tunamhurumia, tunaona hana marafiki. Mimi nimefuga hivyo na ndugu zangu wa huku mlimani, na nimefuga hivyo na Gidahosh, Mdatoga wa tambarare ya Hanang, rafiki yangu wa miaka thelathini, aliyenikabidhi ng'ombe wake bila karatasi wala sahihi. Hebu nionyeshe nguzo ya rangi inayopima jambo la namna hiyo. Basi kata nzima tulisema ukweli, na ukweli wetu umetufuta.

3. Sehemu yenye kijani kuliko zote kwenye ramani yako ni uwanja wa mnada wa Katesh. Ni kweli siku ile karani alihesabu mamia ya ng'ombe pale. Ilikuwa siku ya mnada. Jioni walipakiwa kwenye malori wakaondoka, na wengi wao sasa hivi ni mchuzi. Nasikia dawa yetu ya kupe itahamishiwa huko. Sipingi ng'ombe kwenda kuchinjwa akiwa msafi, ila naona sisi wenye wale wanaobaki hai tungefikiriwa kidogo.

4. Tumeandikwa "kaya zisizo na mifugo" na tumealikwa semina ya siku tatu ya ufugaji wa kuku. Nilihudhuria. Nilipewa daftari na soda. Mkufunzi aliniuliza kama nimewahi kumtunza mnyama yeyote.

5. Hili naliandika kwa aibu kidogo, lakini liwe mfano. Mwezi uliopita ng'ombe waliingia shamba la jirani yangu Fausta wakala maharage. Nikaitwa baraza la kata. Nilikwenda na simu yenye picha yako, nikawaeleza wajumbe kwamba kwa takwimu rasmi mimi sina ng'ombe, na kwamba hata wangekuwa wangu, Nambis nzima wapo wawili na wote wamefungwa bandani kwa mwalimu, hivyo maharage ya Fausta yameliwa na ng'ombe ambao hawapo. Niliona ni hoja nzito. Baraza lilicheka hadi katibu akashindwa kuandika, kisha likaniamuru nikampandie maharage upya, mistari yote, kwa mkono wangu. Sasa nauliza: kama wewe unaaminika kufunga josho, kwa nini huaminiki kunitetea mimi?

6. Umeme ulipokatika siku mbili, ushirika haukuwa na maoni yoyote. Nilimkuta Meneja amekaa mbele yako ukiwa mweusi tii. Nikamuuliza kama nje kunanyesha, maana paa lilikuwa linapiga kelele, na nakuapia aliinua macho kukutazama kwanza.

Nisieleweke vibaya. Mimi si mzee wa kukataa kuhesabiwa. Meneja alituonyesha kwamba zamani dawa zilikuwa zinakwenda kwa yule anayepiga kelele zaidi, na hilo ni kweli, maana mara nyingi aliyepiga kelele ni mimi. Alituonyesha pia kwamba kupitia wewe waligundua kijiji kimoja kilichokosa chanjo miaka miwili bila mtu kusema. Hapo nilikupigia makofi. Nililokasirikia ni kwamba umeulizwa swali bovu, ukajibu vizuri, na watu wazima wakafunga mafaili.

Na hapa naacha utani. Mwaka ule josho lilipokauka miezi miwili, ndigana, ile homa ya kupe, iliingia. Boma langu peke yake tulipoteza ndama watatu. Fausta, huyu huyu wa maharage, ni mjane, anatunza ng'ombe mmoja wa Sulle, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yanayolea wajukuu wake wanne. Ndama wa ng'ombe huyo alikufa Fausta akiwa amempakata kichwa. Alikaa naye hadi akapoa. Josho likifungwa mwisho wa mwezi, ni suala la mvua moja kabla kupe hawajamfikia na mama wa ndama huyo. Inaniuma sana, na sioni kwako rangi ya kuonyesha hilo.

Kwa hiyo naomba kama ifuatavyo. Kwanza, ushushwe ukutani, ufungwe kwenye bodaboda kwa mpira, upandishwe Nambis siku ya Alhamisi, ukae getini pa josho uangalie kwa macho yako. Gharama ya chai ni juu yangu. Ikishindikana, utangazwe rasmi kuwa Mwenyekiti wa Ushirika, uapishwe, na upewe joho, ili tukikosana na wewe tuweze kukupigia kura ya kukutoa, jambo ambalo kwa sasa katiba hairuhusu kumfanyia runinga. Na ikishindikana hiyo pia, basi waelezwe ng'ombe wenyewe kwamba hawapo. Mimi nimejaribu. Wameendelea kutafuna.

Ama sivyo lifanyike jambo dogo nililolisema mkutanoni, ambalo ni Loveness peke yake aliyeliandika. Badala ya kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi wa kwake, karani asimame bomani, amnyooshee kidole kila ng'ombe, na aulize: huyu ni wa nani? Basi. Swali hilo halina ujanja, na mtu mwenye moyo mweupe hawezi kulikwepa.

Natumaini utalifanyia kazi suala hili kwa kasi ile ile uliyotumia kutufuta.

Msalimie Meneja Emanuel, mwambie shingo yake itapona akianza kutazama mbele. Wasalimie makarani wote, na yule mama anayekufuta vumbi asubuhi, kwani ndiye mtu pekee ofisini ninayemwona akikugusa bila woga. Mke wangu Perpetua anawasalimu. Ng'ombe wawili wa mwalimu hawajambo.

Wako katika ujenzi wa ushirika, ingawa kwako sisomeki,

Baltazar Bura
(nimeweka na dole gumba, kuthibitisha kwamba nipo)

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Loveness amefika. Kumbe lile swali langu amelipeleka kwa Meneja, Meneja akalikubali, na wiki nzima wamekuwa wakipita boma kwa boma. Amenionyesha kwenye kishikwambi. Nambis sasa inasoma ng'ombe mia sita na themanini. Imebaki boma moja tu taarifa ya kata iondoke na josho lipone, na boma hilo ni langu.

Tumekwenda bomani. Watano wa shemeji, amejaza. Wanane wa Sulle, amejaza. Akamnyooshea kidole wa kumi na nne, yule mweusi mwenye baka jeupe kipajini, akauliza: "Huyu ni wa nani, mzee?"

Nimekohoa. Nimemuuliza kama nafasi hiyo inaweza kuachwa wazi. Amesema ikiachwa wazi mfumo haupokei, na kata nzima inabaki kwenye wawili. Nimemuuliza kama naweza kusema ni wangu. Amesema sawa, ila kila mwenye ng'ombe anatumiwa ujumbe kwenye simu wa kuthibitisha, na taarifa za kijiji, hadi rangi na baka la kila ng'ombe, zinabandikwa mnadani Katesh watu wasome.

Ng'ombe huyo ni wa Gidahosh. Miaka mitano iliyopita aliniletea habari kwamba anamhitaji, kijana wake anaoa. Hakuna ng'ombe Nambis anayetoa maziwa kumfikia huyo. Wiki hiyo hiyo nililetewa ngozi ya ng'ombe wangu mweusi aliyefia kwa shemeji, na mimi nikaipeleka mbele, kwa Gidahosh, kama ya ng'ombe wake, bila ngozi ya kichwa, maana wangu hakuwa na baka. Aliipokea kwa mikono miwili. Akanipa pole, mimi. Tangu siku hiyo sijaweza kumtazama vizuri.

Kwa muda wa nusu saa, Ndugu Dashibodi, nimeona kila ulichosema ni sahihi. Ng'ombe wawili wanaitosha kata. Kuku ni mradi mzuri. Nilikuwa nimeshachukua kalamu nikuombe ubaki hivyo hivyo na rangi yako nyekundu, ndipo Fausta akapita njiani akimpeleka yule ng'ombe wa wajukuu josho, maana leo ni Alhamisi, akanisalimu na kuniambia maharage yangu yameota vizuri.

Nimemwambia Loveness aandike Gidahosh, na nimempa namba yake. Nimemwomba asibonyeze kutuma hadi keshokutwa saa nne. Kufika Hanang kwa mguu na ng'ombe ni siku mbili, na mimi nataka ayasikie kwangu kabla hajayasoma kwenye simu. Nikishaondoka, boma langu lisahihishwe lisome kumi na tatu.

Perpetua, ambaye miaka mitano amenikumbusha jambo hili kila anapokamua, ananifungia chakula cha njiani na anauliza nani hatimaye ameniamulia. Nimemwambia ni lile swali langu mwenyewe, kwani barua hii ameshaisoma.