Chupa Ambayo Noreen Haddrick Hakuimimina

Nyamazeni, enyi mliolelewa kwa habari za majemedari na ngome zilizobomolewa! Wekeni vikombe chini mpate kusikia vita vilivyopiganwa mjini Melbourne, ghorofa ya nne, baina ya jokofu na sinki, na jinsi Noreen Haddrick, binti wa mtaa wa Footscray, fundi wa maabara mwenye miaka hamsini na minane na mkono usiotetemeka, alivyoutikisa ulimwengu kwa kutomimina kitu.

Mtawala wa ghorofa hiyo alikuwa Profesa Alistair Prowse, Simba wa Mikutano, Mshika Kipaza Sauti, ambaye kwa miaka kumi na miwili ya enzi yake hakuwahi kuosha hata kikombe chake mwenyewe. Alikuwa ametangaza mbele ya mataifa kwamba ameijua hila ya saratani. Seli ikiumia, alisema, hupiga mbiu ya kemikali, nao askari wa kinga huja mbio. Lakini seli za saratani zimevaa juu ya ngozi zao vimeng'enya viwili, madhalimu wadogo, ambavyo huinasa mbiu ile na kuikatakata hata isalie kemikali nyingine, adenosini. Na askari akiipata adenosini, silaha humdondoka, akasinzia langoni pa adui.

Ndivyo alivyotangaza. Ila katika vyombo vyake askari hawakusinzia ng'o. Miezi saba Noreen aliwatia pamoja na seli za saratani, na miezi saba walipigana kama walevi wa harusini.

"Ni mikono yako, Noreen," Prowse alisema Jumatatu, mbele ya watu kumi na wanne. "Sayansi yangu haina kasoro. Ijumaa unahamia chumba cha kuosha vyombo. Kule hata ukiboronga, sabuni haitalalamika."

Wote wakacheka, maana bosi akifanya mzaha, asiyecheka ana lake. Noreen hakucheka. Miaka thelathini mikono ile ilikuwa imelea seli za watu waliokwisha kupewa vyeo, na leo inaitwa mibovu! Akameza kipande chake cha keki ya lamington kama anayemeza kokoto, akateremka uwanjani, yaani mezani pake pa maabara.

Siku hiyo hiyo alitia adenosini safi katika chakula cha seli, kile kimiminika chekundu, bila kutia seli hata moja. Akaipima papo hapo: ipo. Adhuhuri: haba. Alasiri: haipo kabisa. Ni nani aliyeila, na chomboni hamna kiumbe? Akasoma moja moja vilivyomo: chumvi, sukari, na majimaji ya damu ya ndama, yanayotiwa ili seli zinawiri. Akajipiga paji la uso. Ndama naye ana vimeng'enya vyake, na kimoja kati ya hivyo huila adenosini kama mchwa alavyo boriti.

Akamwendea Prowse ofisini.

"Profesa, adenosini inaliwa kabla askari hawajaionja. Anayeila ni ndama."

"Ndama?" Prowse akachungulia chini ya meza. "Yuko wapi, niite polisi?"

"Yumo kwenye chupa yako. Damu yake."

"Chupa hiyo niliichagua mimi mwenyewe, mama, wakati wewe ulikuwa hujui hata kuvaa glavu."

"Glavu nilikufundisha mimi, Alistair. Ulikuwa unazivaa nje ndani."

Prowse akawa mwekundu hadi masikioni. "Ijumaa," akasema, akamfungulia mlango.

Basi Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, kikatendeka kile kitendo. Shikeni viti! Noreen alifungua jokofu. Akaitazama chupa ya ndama, nayo chupa ikamtazama. Mashujaa wa kale walichomoa panga. Yeye alifunga jokofu. Akachukua chakula kingine kisicho na damu ya mnyama yeyote, akawatia humo maadui na askari, na katika nusu ya vyombo akaongeza dawa ya kuvifunga mdomo vile vimeng'enya viwili vya saratani. Na kama askari wangekufa kwa chakula kigeni, sabuni ingempokea kwa shangwe.

Alhamisi mashine ikahesabu. Palipokuwa hapana dawa, askari themanini na mmoja katika kila mia walikuwa wazima wa afya lakini wamezubaa, kama makarani baada ya chakula cha mchana. Palipotiwa dawa, walikuwa macho na wanaua.

Prowse akaitisha mkutano upesi. "Kama nilivyotabiri siku zote," akaanza, "hatimaye mbinu yangu..."

"Umebadilisha nini?" Noreen akauliza, amesimama.

"Tume... tumeboresha chakula cha seli."

"Kwa nini?"

Watu kumi na wanne wakaacha kutafuna. Safari hii aliyetazamwa alikuwa Prowse, na hakuna aliyemwokoa kwa kicheko.

"Nilikosea kuhusu chupa," Prowse akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Na mikono?"

"Mikono yako haina neno, Noreen. Baki."

Makofi yakapigwa kwa muda wa sekunde nane, kisha mkutano ukaendelea na ajenda ya pili, nayo ni nani anayeegesha baiskeli ukumbini. Noreen akaketi, akachukua lamington ya mwisho sahanini, akaila bila haraka. Wanahistoria na waiandike siku hiyo kwa wino wa dhahabu, siku ambayo profesa, akiwa na akili zake timamu na bila kulazimishwa kwa silaha, alitamka neno "nilikosea". Maana katika ghorofa ya nne neno hilo halikuwahi kusikika kabla, wala halijasikika tena.