Mgongo wa Bahizire, Ushahidi wa Mapenzi

Jumamosi, 7 Machi 2015. Riverside, Buffalo.

Waingereza ni wagumu! Umuhoza, binti wa marehemu mdogo wangu, amenipigia simu kutoka Reynoldsburg, jimbo jingine, ametoka tu kazini ghalani. Mumewe, Gisa, ni raia wa Uingereza na anaishi Leeds. Lakini uraia wa mume haumpi mke ruhusa ya kumfuata. Kwanza mume awe na mshahara wa kiwango chao. Gisa anao. Pili, mke afaulu mtihani wa Kiingereza. Amefaulu. Sasa wanataka ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Wasiporidhika, ndoa hii itaendelea kuishi ndani ya simu.

Nimemwambia atulie. Nilifundisha jiografia Uvira. Mipaka naijua.

Nikafungua picha za harusi yao, ile ya Louisville. Balaa! Katika kila picha Umuhoza anatazama viatu vyake, machozi yanamtiririka. Nieleze, ingawa shajara haikuuliza: kwetu bibi harusi akicheka, watu husema alikuwa ameichoka nyumba ya mama yake. Umuhoza amelelewa vizuri. Alilia tangu asubuhi hadi keki. Gisa naye amekaza uso kama mlinzi wa benki. Katikati yao, meno yote nje, amesimama mzee Sebineza, msemaji wa upande wa bwana harusi. Ofisa yeyote atasema binti huyu ameozwa kwa nguvu. Tena ameozwa kwa Sebineza!

Jumapili, 8 Machi

Baada ya ibada nimempigia Sebineza, huko huko Louisville. Nikamwomba kwa upole aturuhusu kumkata kwenye picha. Akasema msemaji si kiti cha kusogezwa. Akasema ni wivu, kwa sababu mimi nimeonekana kofia tu. Uongo! Kofia na sikio la kushoto. Akaongeza kwamba ningepewa mimi ile hotuba ya ng'ombe wa mahari, wageni wangekuwa wamekaa mpaka leo.

Mtu mdogo sana.

Jumatano, 11 Machi

Nimepata! Picha mpya, zenye furaha. Gisa yuko Leeds, ni kweli. Lakini kwa nyuma, mwanamume ni mgongo tu. Bahizire, jirani yangu, Mshi wa Bukavu, ana mabega yale yale. Na Umuhoza anakuja Jumamosi kutusalimia. Mke wangu Nyirabeza ameuliza nacheka nini peke yangu. Nikamjibu ni siri ya serikali. Akasema basi serikali imekwisha.

Jumamosi, 14 Machi

Ukingo wa Mto Niagara. Theluji hadi magotini. Umuhoza nilimwambia najaribu kamera ya simu mpya. Ningemwambia ukweli angekataa. Bahizire, ndani ya suti yangu, akauliza kwa nini mgongo tu, uso wake una kosa gani. Nikamweleza pembeni sheria za Uingereza, tangu mwanzo. Akasema, "Bon, Mwalimu, nimeelewa, piga basi, masikio yananiganda." Hakuwa ameelewa.

Umuhoza akasimama na sura ile ile ya harusini. Nikamwambia acheke. "Baba mkubwa, nicheke nini na baridi hii?" Ndipo Bahizire akateleza, akaning'inia kwenye bega la Umuhoza kama koti. Binti akacheka mpaka magego yakaonekana. Nikapiga.

Kazi bora! Mapenzi matupu.

Jumapili, 15 Machi

Sebineza ametuma kwenye kundi la familia, WhatsApp, ushuhuda alioandika kuhusu ndoa ya hawa vijana. Mrefu. Umejaa yeye mwenyewe. Sikuweza kuvumilia. Nikatuma picha yangu na maneno haya: "Ushahidi wa mapenzi!"

Nilisahau mambo mawili. Kwamba Gisa yumo kwenye kundi. Na kwamba Gisa anajua hajafika Buffalo.

Sebineza akawa wa kwanza: "Mwalimu, huyo mwanamume ni nani?"



Kisha Gisa: "Na mimi nauliza."

Jumatatu, 16 Machi

Siku mbaya. Umuhoza amepiga analia. Gisa amemwambia, siku ya ndoa yetu ulilia kana kwamba unaolewa na malaria, leo kwa mgongo wa mtu unatoa magego. Umuhoza akamjibu hiyo ni desturi, kamuulize mama yako. Gisa akasema desturi haimshiki mtu bega. Akakata simu.

"Baba mkubwa," ameniambia, "Waingereza hawajanikataa bado. Anayenikataa ni mume."

Nikaanza kumweleza kwamba wivu, ukiutazama kwa utulivu, una faida tatu. Naye akakata simu! Binti niliyemfundisha kusoma!

Nyirabeza akaninyang'anya simu. Akampigia Gisa, akamweleza yote, akamwita Bahizire aje kujitambulisha. Bahizire akasema, "Donc, shemeji, mimi ndiye mgongo." Kisha mke wangu akanigeukia. Kumbe Waingereza wakikuta ushahidi wa uongo wanaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka. Picha yangu ingemzika Umuhoza mzima mzima. Nimemwambia nilikuwa bado naifikiria hoja hiyo. Amenipa viazi bila mchuzi.

Jumanne, 17 Machi

Wamepatana! Wameandikiana tangu jana: matusi, machozi, samahani, "lini nitakuona", "hata mimi sili". Umuhoza ameamua ugomvi wote uende kwa Waingereza kama ulivyo, pamoja na picha za harusi na maelezo ya desturi yetu. Picha yangu haiendi popote. Nimejitolea kutafsiri. Wamesema wameshapata mtafsiri huko Westerville, karibu na Umuhoza, mtu asiyeeleza.

Ijumaa, 12 Juni

Viza imetoka! Umuhoza alipiga kelele kwenye simu mpaka Bahizire akaja mbio akidhani kuna moto. Gisa atampokea uwanja wa ndege, ameahidi kutabasamu. Nyirabeza amelia. Mimi pia, kidogo, kwa ajili ya vumbi.

Umuhoza amenishukuru, kisha ameniomba nisimsaidie mtu tena. Unyenyekevu ulioje! Ukweli uko wazi kwa yeyote mwenye shule: bila ugomvi hakuna ushahidi, bila mgongo hakuna ugomvi. Na wazo la mgongo lilitoka kwa nani?

Leo Bahizire amenitajia mpwa wake, Précieuse, ambaye mchumba wake yuko Bristol. Vijana watulivu. Wanapendana, wanaheshimiana, hawajawahi kupandishiana sauti hata mara moja. Maskini! Hawana ushahidi wowote.

Kesho nampigia huyo mchumba. Nitamuuliza tu, kwa upole, kama Précieuse amewahi kumtajia kijana mmoja aitwaye Zihindula.

Zihindula ni nani, bado sijui. Nitamtafuta.