Haki Yangu ya Kuchorwa Ukutani

Jumatatu, 3 Juni

Mkutano wa kijiji leo. Afisa utamaduni, dada Mwanamwema kutoka Tanga, kavaa makoti mawili na bado baridi yetu ya milimani inamtetemesha. Kasema ukuta wa ghala la zamani, ule unaotazama barabara ya kwenda Soni, utachorwa picha. Mita kumi na mbili! Na picha haitachaguliwa ofisini. Tutaichagua wenyewe, Jumamosi ya tarehe 15, kwa kupanga mistari, kila mtu nyuma ya picha anayoitaka. Kila mwenye wazo alilete.

Wazo ninalo. Mimi.

Si majivuno, ni hesabu. Zahanati ilipojengwa nilisomba mawe kwa gari langu, safari arobaini na sita. Nassir, fundi cherehani, alitoa utepe wa kukatwa. Mita mbili. Siku ya ufunguzi Nassir alitajwa mara tatu. Mimi sifuri! Mawe yangu yaliitwa "nguvu za wananchi". Mwananchi gani? Ana jina. Anaitwa Zabron.

Nilianza na tenga moja la karoti, kichwani, nina miaka kumi na minne. Leo Fuso mbili za kabichi zangu zinateremka Mombo kila wiki. Kama huo si utamaduni, basi sijui utamaduni ni nini.

Jumanne, 4 Juni

Picha tayari. Samsoni, yule anayeandika maneno kwenye bodaboda, kanichorea kwenye karatasi ya manila. Mkulima shupavu, tenga la kabichi begani, milima nyuma yake. Nilimwagiza asichore mtu yeyote anayejulikana. Masharubu tu yawe kama yangu. Na kofia. Na pengo. Hapana, pengo nimemwambia alizibe.

Nassir kaleta yake: mpiga ngoma mwenye kanzu na kitambi. Kitambi kile tunakijua. Nassir hajui ngoma! Hata hodi anagonga nje ya mapigo.

Picha ya tatu ni ya kina mama wafinyanzi. Vyungu. Kiongozi wao ni Bibi Modesta, ambaye kwa bahati, nzuri au mbaya, ndiye mama mkwe wangu.

Hesabu. Wanaokuja mikutanoni ni kama mia na kumi. Nassir na ukoo wake, 38. Wafinyanzi, binti zao, na majirani wanaowaogopa, 40. Wanabaki 32, hao wangu. Nikichota nusu ya wafinyanzi ninafika 52. Nimeshinda. Kwenye karatasi nimeshinda vibaya sana.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kwa mama mkwe. Nikasimama nje ya ua, kofia mkononi. Shikamoo mama. Marahaba mkwe wangu, kabichi hazijambo? Hazijambo mama. Nikaingiza neno taratibu: je, wenzake hawaoni ni vizuri kupanga mstari nyuma ya mtu wa nyumbani?

Akasema kesho wanachoma vyungu, mambo ya mistari hana nafasi nayo. Nikasema vizuri sana, nitapita hukohuko niwasalimie wote kwa pamoja. Alicheka mpaka akakaa chini. Mwanaume hakanyagi wanapofinyanga wala wanapochoma, vyungu vinapasuka, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Akaniuliza kama nimezaliwa Dar es Salaam.

Najua mwiko. Nimeukuta. Ila nimerudi nyumbani nikamuuliza mke wangu Raheli: mwanaume anatakiwa kukaa mbali hatua ngapi? Kasema mbali. Ndiyo, lakini ngapi? Kasema mbali tu, baba Esta, kaa na kabichi zako. Nimeuliza watu sita, nimepata majibu sita. Mwiko usio na vipimo ni makadirio. Na kwenye makadirio huwa nina nafasi.

Ijumaa, 7 Juni

Niliazima kipaza sauti cha mkononi, kile cha betri kinachotangaza chanjo. Nikafika juu ya mteremko wanapochomea vyungu saa nne asubuhi. Wafinyanzi wote kumi na wanne walikuwapo, binti zao wakibeba kuni. Nikapima hatua ishirini na tano kutoka kwenye moto. Hatua ndefu! Nikaweka jiwe. Nikasimama nyuma ya jiwe.

Nikasema: Kina mama, shikamooni.

Paa!

Chungu. Nikawaambia wasihofu, hizo ni kuni mbichi. Paa! Nikawaeleza kuhusu hatua ishirini na tano. Paa! Paa! Jumla tisa, kati ya thelathini na moja. Nilihesabu, maana hakukuwa na la kufanya.

Mama mkwe akainuka na ufito wa kuchochea moto. Miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kumwona mama mkwe akikimbia. Si jambo la mtu mwenye heshima zake kutazama, kwa hiyo sikutazama. Nilitoka mbio! Shamba la maharage, mfereji, maharage tena. Kiatu cha kushoto kimebaki kwenye mfereji.

Kipaza sauti nilisahau kukizima. Kijiji kizima kimenisikia nikihema. Na nikisema "mama nisamehe". Mara kumi na moja, kwa hesabu ya Raheli.

Jumapili, 9 Juni

Nimepeleka mizigo tisa ya kuni kavu, mmoja kwa kila chungu. Mama mkwe kazipokea kuni. Mimi hajanipokea. Katuma ujumbe kwamba vyungu vilikuwa vya watu, vimeagizwa toka Aprili, na kwamba nikija tena nije bila miguu.

Kubwa kuliko hilo: kuna wimbo. Wafinyanzi wameutunga kwa Kishambaa siku ileile wakiokota vigae. Leo benchi la nyuma kanisani walikuwa wanauvumisha kwa midomo iliyofungwa wakati wa sadaka. Nje, dada Mwanamwema akaomba atafsiriwe. Nassir, ambaye hata kanisani hasali, alikuwa amesimama getini tayari kutafsiri: mkwe kaja na sauti, vyungu vikamjibu.

Dada akaandika kwenye daftari. Kasema hii ndiyo sanaa ya wananchi yenyewe. Nimemwambia akitaka sanaa nina karatasi ya manila.

Jumatano, 12 Juni

Hesabu mpya. Wafinyanzi: sifuri. Na kwenye 32 zangu kuna wanaoimba wimbo. Tuseme 20. Hazitoshi.

Kwa hiyo nimefanya kitu kizito. Nimevuka barabara nikaingia kwa Nassir. Nikampa pendekezo la kiume: alete watu wake 38 kwenye mstari wangu, na mimi nitamruhusu Samsoni aweke ngoma kwenye picha yangu. Ngoma ya heshima. Karibu na mguu.

Nassir alikuwa na pini tatu mdomoni. Akaniuliza ukubwa wa ngoma. Nikamwonyesha kwa mikono. Akaniuliza kama kiatu nimekipata. Nikasema hilo halihusiani. Kasema atalifikiria, atajibu Jumamosi mbele za watu. Tumepeana mikono.

38 na 20 ni 58. Nimekata nywele.

Jumamosi, 15 Juni

Nayaandika haya nikiwa na hasira, kwa hiyo kwa usahihi.

Picha tatu zilibandikwa. Watu 111. Kabla ya kupanga mistari Nassir akaomba nafasi. Kasema anaiondoa ngoma yake. Nikaanza kupiga makofi. Kasema kijiji hiki kimeshatunga jambo lake chenyewe wiki hii, bila mkutano wala posho, kila mtu analiimba. Nikapunguza makofi. Kasema picha ya kina mama ni nzuri, ina moto, ina vyungu, ila imepungukiwa mtu mmoja. Aongezwe mkwe anayetimua mbio. Kiatu kimoja.

Watu walicheka hadi ukungu ukasogea. Dada Mwanamwema akasema picha ni ya kina mama, waulizwe wao. Bibi Modesta akasimama, akarekebisha kitenge. Kasema anakubali, kwa sharti kwamba huyo mkwe achorwe mbali.

Mistari ikapangwa. Wao 107. Mimi 4. Yaani mimi, wapakiaji wangu wawili, na bwana mmoja ambaye baadaye ilibainika ni wa Bumbuli, alikuwa anasubiri pikipiki.

Nikamkuta Raheli kwenye mstari wa pili. Nikamuuliza, wewe pia? Kasema amesimama nyuma ya mama yake aliyemzaa, nilitaka asimame nyuma ya kabichi?

Jumatatu, 24 Juni

Samsoni amemaliza ukuta. Nilikwenda na futi kamba watu wakiwa kwenye chai. Mama mkwe: sentimita themanini na tano. Mimi, pamoja na kuchorwa mbali: mita moja na sentimita ishirini! Masharubu yapo. Wageni wanaokwenda Lushoto wanasimamisha magari na kupiga picha, na wanasimama upande wangu. Nimehesabu magari saba kabla ya saa sita. Utepe wa Nassir haujawahi kusimamisha hata baiskeli.

Sasa nasikia kamati ya wananchi, watu tisa, inataka igizo siku ya kuzindua ukuta. Na Nassir amejiandikisha kuwa mkwe! Nassir! Kwa kitambi kile atafika mfereji lini? Hii ni dhuluma. Mbio ni zangu, maharage niliyakanyaga mimi.

Nimekwenda kujiandikisha. Kwenye kamati nahitaji kura tano, tatu ninazo, kila mjumbe nimempelekea kabichi mbili. Asubuhi nafanya mazoezi nyuma ya nyumba, bila kiatu cha kushoto.

Raheli kaniuliza kama ninaelewa kwamba igizo zima ni la kunicheka mimi. Nimemwambia kucheka ni kazi ya watazamaji, yangu ni kukimbia, na Nassir hatanishinda.