Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kufungua Jumba la Kumbukumbu, Lipangalala

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyetoka mkoani na gari lenye kiyoyozi, waheshimiwa maprofesa mliovaa makoti Ifakara, shauri yenu, Baba Paroko, Shehe wetu, Bwana Zubeiri, mwenye ukumbi, mwenye viti na mwenye spika inayokoroma, wajumbe wa Chama cha Wanahistoria wa Bonde la Kilombero mliofika kwa wakati, na ninyi mliofika kwa wakati wa chai, wake kwa waume wa Kiberege, Michenga na kwingineko, na wewe Fransisko, Mngoni, mtani wetu, ambaye hukualikwa na umeshakaa mstari wa mbele: itifaki imezingatiwa. Kaeni. Nimesema kaeni, au yule wa dirishani anasubiri aimbiwe?

(Kicheko. Watu wanakaa.)

Mimi, Bibi Klementina, Mwenyekiti wa chama hiki kwa mwaka wa sita mfululizo bila mpinzani, kwa sababu mpinzani nilimwambia arudi nyumbani akaangalie kuku wake, nina darasa la nne la masista na sioni aibu, maana darasa la nne la wakati ule lilikuwa na fimbo na hesabu za kichwa, siyo digrii zenu hizi za kunakili kwenye simu. Katika kipindi changu chama kimeendesha wikishopu kumi na nne, semina tisa na mchakato mmoja ambao hadi leo unachakatwa, na tathmini niliyoifanya mwenyewe inaonyesha kwamba uelewa wa historia ya Maji Maji katika bonde letu umepanda kutoka asilimia kumi na mbili hadi asilimia mia moja na nne.

(Makofi. Profesa mmoja: "Mia moja na nne, Bibi?")

Ndiyo, mwanangu. Wengine walielewa mara mbili.

Leo, katika kongamano letu la mwaka, tuna shughuli mbili za kimkakati. Ya kwanza ni kufungua Jumba la Kumbukumbu ya Maji Maji, projekti yenye fesi wani, fesi tuu na ukuta wa mawe utakaochongwa kazi ya mshindi ili isifutike milele. Ya pili ni kumpata huyo mshindi. Kamati ya Tuzo, ambayo mwenyekiti wake ni mimi na katibu wake ni binti yangu Digna, imepokea maandiko mawili. La kwanza ni langu. Linamhusu babu yangu Ligonja, ambaye mwaka 1905, wazee walipokunywa maji ya dawa wakaambiwa risasi ya Mjerumani haitawapata, alishika mkuki wake, akapanda hadi boma la Mahenge, akaua Wajerumani saba.

(Vigelegele. Sauti kutoka nyuma: "Mwaka jana walikuwa watano!")

Utafiti unaendelea! Wewe wa nyuma, huko kwenu alikuwapo nani Mahenge? Kaa kimya basi.

Andiko la pili ni la Mwalimu Emerensiana wa Michenga. Simama, mwanangu, wakuone.

(Emerensiana anasimama: "Shikamoo, Bibi.")

Marahaba. Mwembamba hivyo, kula huli? Mwalimu huyu amezunguka miaka minne nyumba kwa nyumba, akiwauliza vikongwe wa Michenga waliyoyasikia kwa mama zao: nani alikufa baada ya vita, pale Wajerumani walipochoma maghala ya mpunga na mahindi ili waliokimbia risasi wamalizwe na njaa. Akaandika watu sitini na watatu kwenye daftari la shule. Wale vikongwe sasa wamebaki wawili, na mmoja hasemi tena. Ni kazi nzuri, sikatai, lakini haina metodoloji, haina fremuweki, na zaidi ya yote, nasema kwa masikitiko ya kiofisi, inamwaibisha babu yangu. Kwa hiyo mshindi, kama ilivyoandikwa katika ukurasa wa saba wa hotuba hii, ni...

Ukurasa wa saba uko wapi?

(Minong'ono. Fransisko amesimama mlangoni na karatasi mkononi: "Ninao mimi, mke wangu.")

Mke wako nani? Lete hapa, mla panya wewe!

(Fransisko: "Sileti. Humu ndani mna marehemu sitini na watatu hawajaliliwa, na ninyi mnapigiana makofi. Mtani wao si mimi? Soma daftari la mwalimu lote, ndipo nitaachia mlango." Analala chali kizingitini. Vicheko.)

Waheshimiwa, niwaelimishe mliotoka mjini. Kwetu mtani akizuia msiba haguswi. Akikalia jeneza, jeneza halitoki mpaka aridhike, hata kama aliyemo ni chifu. Polisi hawaitwi. Mheshimiwa mgeni rasmi, rudi ukae, huwezi kumruka mtu aliyelala mlangoni na suruali hiyo. Hata mimi, mwenye mamlaka chini ya ibara ya nne ya katiba niliyoiandika mwenyewe, siwezi.

Haya, mwalimu. Lete hilo daftari. Digna, miwani yangu.

Matwanga, na wanawe watatu, waliokutwa wamelala kama waliopangwa. Nambulo, aliyerudi kuokota mpunga ulioungua. Mkasi, alikuwa mjamzito. Mtoto wa Mkasi. Hapa hakuna jina, mwalimu ameandika hivyo hivyo, "mtoto wa Mkasi".

(Spika inakoroma. Zubeiri anaizima.)

Nasoma wote, asikohoe mtu.

(Anasoma. Maprofesa wanavua makoti. Mwanamke mmoja wa Kiberege anafunika uso kwa khanga.)

Sitini na wawili. Na huyu wa mwisho ndiye lile tatizo langu la kiofisi. "Ligonja. Hakwenda Mahenge. Alibaki porini akichimba ming'oko, viazi vile vya mwitu, akalisha watoto kumi na mmoja, wengi wao yatima. Yeye mwenyewe alikuwa hali kitu. Alikufa mvua zilipoanza, kijiti cha kuchimbia kikiwa mkononi."

(Sauti kutoka nyuma: "Bibi, na wale Wajerumani saba?")

Hakuna Wajerumani saba! Unawatakia nini? Babu yangu hakumkwaruza Mjerumani hata mmoja! Mmoja wa wale watoto kumi na mmoja ni baba yangu mzazi, ndiye aliyenisimulia, na mimi nikanyamaza, kwa sababu kila mwaka ninyi wenye digrii mnakuja na kalamu mnauliza nani alipigana, nani alipigana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani alilisha. Basi nikampa mzee mkuki. Leo namvua. Hakuuomba.

Tuzo ni ya Emerensiana. Kamati imekaa sasa hivi, hapa nilipo, na imepitisha.

(Vigelegele. Emerensiana analia. Fransisko anainuka na kujikung'uta: "Sasa wamezikwa, mke wangu.")

Ondoka mbele yangu. Na huo ukurasa kaa nao, ukawashie moto wa panya wako.

Historia! ("Ni yetu!") Kilombero! ("Oyee!") Ming'oko! (Wanatazamana kidogo. "Oyee!")

Mwisho, nawashukuru wafadhili wa Jumba la Kumbukumbu, ambao hawajapatikana. Mafundi, ambao hawajaitwa. Bwana Zubeiri, aliyelima mpunga kwenye kiwanja cha jumba na ukastawi. Na kipekee mgeni rasmi, ambaye ripoti yake inasema jumba limekamilika kwa asilimia tisini, nami nikaitia sahihi kwa mwandiko mzuri kabisa. Jumba halipo. Halijawahi kuwapo hata tofali. Ukuta wa kuchonga majina ya daftari la mwalimu sina.

Kwa hiyo tutatoka hivi. Kila anayepita mlangoni, Emerensiana atamkabidhi mtu mmoja wa kwenye daftari, amshike kichwani, afike naye kwake, awaambie wanawe kabla hajala. Nimewahesabu, tupo sitini na wawili. Mheshimiwa mgeni rasmi, njoo, wewe utabeba wawili: Mkasi, na mtoto wake.

Rudia nikusikie.