Malalamiko Juu ya Kibao Kinachosema Tuko Chini

Kwa Mheshimiwa Liwali,
Bilad Nabaq.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao, na mama yako mzazi ambaye nimesikia mguu wake umeanza kupata nafuu. Sisi huku Sifala hatujambo, ila kwa jambo moja tu, na jambo hilo limesimikwa kwa saruji hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu.

Mimi ni Shamis bin Obeid, mtazama kivuli wa falaji, mfereji unaonywesha mashamba yetu. Huu ni mwaka wa thelathini na moja nakaa kando ya kile kijiti kilichosimikwa uwanjani, natazama kivuli chake kikitambaa juu ya mawe. Kikigusa jiwe la mtu, nampigia ukelele afungue maji yaingie shambani kwake. Watu wa Alaya, mtaa wa juu, na sisi wa Sifala, mtaa wa chini, sote mitende yetu inakunywa kwa jicho langu. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema kwa sababu macho yangu ndiyo yaliyotukanwa.

Mheshimiwa utakumbuka kwamba mwaka jana ofisi yako ilitoa karatasi nzuri yenye picha, "Maajabu Saba Karibu na Nyumbani", ili watu waache kusafiri mbali kutafuta vya kutazama. Ajabu ya nne ilikuwa yetu: kile kipande cha barabara itokayo Alaya kuja Sifala, ambapo dereva akizima gari na kuachia breki, gari linapanda mlima lenyewe mpaka kwetu. Tumeipita barabara hiyo maisha yetu yote bila kujua kuwa ni ajabu. Nadhani punda walijua, ndiyo maana wakawa wanakataa.

Basi watu wakaja. Kila Ijumaa walikuja kutoka Maskati na mikeka, birika za kahawa na watoto wengi. Walimimina maji juu ya lami, maji yakapanda, wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa Suhar alivua viatu, akalala kifudifudi katikati ya barabara, akaweka limau mbele ya pua yake. Limau likapanda. Mzee akalia machozi, akaniambia, "Ndugu yangu, nimeishi miaka sabini na nane nikidhani nimeshaona kila kitu, kumbe sijaona hata limau."

Kisha mwezi uliopita akaja mhandisi na chombo chenye miguu mitatu. Alikaa nusu saa. Wiki ya pili yake likachimbwa shimo na kikawekwa kibao chenye maandishi haya: BARABARA HII INASHUKA. MNACHOONA NI KIINIMACHO.

Naomba kwa heshima zote kibao hicho king'olewe. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Mhandisi alipima kwa jicho moja. Niliona mwenyewe: lingine alilifumba. Mimi natazama kwa yote mawili. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, sembuse kuambiwa kwamba anachokitazama hakipo.

2. Maajabu mengine sita hayakupimwa. Ajabu ya pili ni Jiwe la Ngamia. Mheshimiwa, mimi nimelizunguka jiwe lile. Ukisimama mashariki ni ngamia. Ukisimama magharibi ni marehemu ami yangu Sanad akiwa amekasirika. Hakuna aliyempeleka mhandisi kumpima ami yangu. Ajabu ya tano ni Pango Linalopiga Chafya, na watu wote wa hapa wanajua kwamba anayepiga chafya ni mchunga mbuzi anayelala mle mchana kwa sababu ya baridi yake. Ajabu ya saba ni kisima kinachoitikia mara mbili. Kiliniitikia mara moja tu, tena kwa uvivu. Hakuna kibao popote. Kwa nini kiinimacho kiwe chetu peke yetu?

3. Kama macho yanakosea juu ya barabara, ambayo ni pana na haitembei, basi yanakosea zaidi juu ya kivuli, ambacho ni chembamba na kinatembea. Maana yake ni kwamba maji ya falaji yamegawanywa kimakosa kwa miaka thelathini na moja. Itabidi tuanze kugawa upya tangu siku ya kwanza, na wote waliokwisha kula tende za maji yale wazirudishe. Sidhani serikali iko tayari kwa jambo hilo.

4. Hapa sasa ndipo penye donda, na naomba Mheshimiwa umalize kwanza kahawa yako ndipo usome.

Nina miaka hamsini na tisa. Mke wangu, Mungu amrehemu, alifariki miaka sita iliyopita, na tangu siku hiyo nakula chakula cha jioni nimesimama, kwa kuwa sioni sababu ya kukaa. Nimeposa. Nimemposa Bi Shinuna binti Saif, mjane wa Alaya, anayekaa kwa kaka yake Sheikh Dhiyab katika ile nyumba iliyo juu kabisa ya mtaa, yenye ngazi arobaini na moja, ambazo Sheikh huzihesabu kwa sauti mbele ya kila mgeni.

Zamu ya maji ya Sheikh ikifika, anayeshuka kufungua ni Bi Shinuna. Na kila mara hunisahihisha. "Bwana Shamis, kivuli hakijagusa bado. Umesinzia?" Hakuna mtu mwingine katika mitaa yote miwili anayethubutu kuniambia neno hilo, na la kushangaza ni kwamba mara nyingi huwa kweli nimesinzia. Akimaliza, hukaa kidogo ukingoni mwa falaji kabla ya kupanda kurudi. Hilo nimelichukua kuwa dalili njema.

Kwa mjane kimya hakitoshi, lazima aseme, naye alisema. Alimwambia dada yangu Moza kwa kinywa chake, "Mimi sina neno. Mwambieni kaka."

Tukamwambia kaka. Nilikwenda na wazee watatu, tukakaa katika sabla yake, ukumbi wa wageni, mbele ya wanaume wote wa Alaya, tukamiminiwa kahawa, tusiiguse, kama ilivyo desturi ya mwenye haja. Sheikh Dhiyab akasema:

"Kunywa, Shamis, inapoa hiyo. Wewe mtu mwema na macho yako tunayaamini. Lakini sisi hatushushi binti zetu Sifala. Babu hakushusha, baba hakushusha, mimi nishushe, nina wazimu? Wallahi, siku maji yatakapopanda mlima, ndiyo siku utakayomwoa Shinuna."

Sabla nzima ikacheka. Kahawa ile sikuinywa, na mpaka leo nikipita mlangoni pake huniuliza kama niletewe ileile.

Sasa Mheshimiwa, tazama kazi ya Mungu. Haikupita miezi miwili ikatoka karatasi yako, na watu wakaanza kumimina maji. Nilimwalika Sheikh. Alikuja na kilemba chake cha Idi na bakora. Mama mmoja wa Maskati akamimina chupa, maji yakapanda. Sheikh akaomba chupa nyingine, akamimina kwa mkono wake mwenyewe. Maji yakapanda. Sheikh akasema, "Hmm." Ninao mashahidi sita wa hiyo hmm.

Wiki iliyofuata akaja mhandisi. Sisemi ni nani aliyemwita. Nasema tu kwamba chakula cha mchana alikula kwa Sheikh Dhiyab, na ngazi arobaini na moja alihesabiwa. Tangu kibao kisimikwe, Sheikh hushuka kila alasiri akakigonga kwa bakora na kunisomesha kama mtoto wa chuoni: "I-na-shu-ka. Haya, sema na wewe."

Inaniuma, Mheshimiwa. Sitaficha. Mtu wa umri wangu hana Ijumaa nyingi za kusubiri.

5. Tukishakubaliana kwamba magari yanapanda kuja kwetu, inafuata kwamba sisi ndio tulio juu. Kwa hiyo naomba majina yabadilishwe: Sifala iitwe Alaya, na Alaya iitwe Sifala. Hapo Sheikh hatakuwa amemshusha dada yake hata kidogo. Atakuwa amempandisha, na itabidi anishukuru. Ili Bi Shinuna asijione amepungukiwa, nimekwisha kuagiza mawe ya kumjengea chumba cha ghorofani chenye ngazi ishirini, na nikijaliwa nitaongeza.

6. Kwa kuwa wa juu ndio huanza kupata maji, naomba pia falaji ianzie kwetu. Najua mhandisi atauliza maji yatafikaje Alaya. Yatashuka, kwa kuwa wao ndio walio chini. Yakikataa kushuka, hicho kitakuwa kiinimaji, na awawekee kibao.

7. Kama yote hayo ni mazito kwa ofisi yako, basi naomba dogo: kibao kifunikwe shuka kwa siku moja tu, Ijumaa ijayo, kuanzia baada ya sala mpaka tutakapomaliza kusoma hutuba ya ndoa. Shuka nitatoa mimi. Ni safi.

Mheshimiwa, wewe ni mtu wa haki, na mji mzima unakuombea. Mimi sitaki makuu. Nataka macho yangu yarudishiwe heshima yake, na nataka mtu wa kuniambia nimesinzia nikiwa nyumbani.

Nisalimie watoto wote, mkubwa na mdogo. Nisalimie mama yako na mguu wake. Msalimie karani wako wa mlangoni, aliyeniambia njoo kesho mara tisa bila kukunja uso hata mara moja. Msalimie pia mhandisi, sina kinyongo naye, ila afumbue na hilo jicho lingine.

Wasalaam, ni mimi mtiifu wako,

Shamis bin Obeid,
Mtazama Kivuli,
Sifala (Alaya, Mungu akipenda).

Nyongeza: Mheshimiwa, kabla ya kuifunga barua hii nilimpa dada yangu Moza aipeleke kwa Bi Shinuna, aone kama ina adabu. Imerudi asubuhi hii, na nyuma yake ameandika maneno ambayo nayanakili bila kupunguza:

"Bwana Shamis, umesinzia tena. Nani kakwambia nataka kupandishwa? Ngazi za kaka zimeyala magoti yangu miaka ishirini na miwili. Ulidhani nakaa pale ukingoni kwa ajili ya uso wako? Nilikuwa nasubiri goti lipoe. Uso nao, haya, si mbaya. Nilikubali posa kwa sababu kwenu ni chini na nyumba yako haina ngazi. Ukipata hati ya Liwali kwamba kwenu ni juu, kaa huko juu peke yako. Na hayo mawe ya ghorofa yarudishe yalikotoka kabla sijayaona. Kaka niachie mimi. Nimemwambia kiapo kina kafara yake, kulisha masikini kumi, basi alishe, au mimi nitatandika mkeka pale kibaoni kila Ijumaa niwasimulie wageni alichoapa, awe yeye ajabu ya nane. Ameona bora alishe. Mchele umeshachaguliwa, na masikini wa kwanza keshafika na bakuli lake."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nayafuta malalamiko yote kuanzia la kwanza mpaka la saba. Mhandisi ni bingwa na jicho lake moja linatosha. Barabara inashuka. Imekuwa ikishuka tangu enzi za babu zetu. Kibao kibaki mahali pake, na kama rangi ipo, naomba kigeuzwe kitazame Alaya na liongezwe neno moja, SANA, ili anayeshuka Ijumaa asiwe na shaka njiani.

Nisamehe kwa mwandiko huu wa mwisho, nimeuandika kwa haraka. Nyumba yangu ina kidato kimoja mlangoni ambacho Bi Shinuna hakijui, na nataka niwe nimekwisha kukivunja kabla ya adhuhuri.