Vifuko vya Dokta Zadock

Zadock wa Garsen aliitwa Dokta, na hakuna aliyejua amesomea wapi. Yeye mwenyewe alisema hayo ni mambo marefu. Siku hiyo alikuwa kwenye benchi la Hodan, fundi cherehani, akingoja suruali yake ipunguzwe kiuno, alipomwona Hodan akichukua shela aliyotoka kuitarizi na kuitumbukiza kwenye beseni. Nailoni nyembamba iliyokuwa chini ya maua ikalegea, ikawa ute, ikatoweka. Maua yakabaki.

"Nailoni imekwenda wapi?" aliuliza Dokta.

"Imeyeyuka. Ndiyo kazi yake. Inashika kitambaa kisikunjane nikitarizi, halafu naiosha."

Dokta akasahau suruali. Wiki hiyo hiyo alikuwa ameona kwenye duka la dawa za mimea vifuko vya sumu ya wadudu. Mkulima hakati wala hagusi dawa. Anatumbukiza kifuko kizima kwenye pampu ya maji, nacho kinayeyuka chenyewe. Waliobuni kitu hicho walitaka kumlinda mkulima. Dokta naye aliona ulinzi, ila wake mwenyewe: dawa ambayo mnunuzi amekatazwa kuifungua, na ushahidi unaopotea majini mlalamikaji akiuangalia. Alimshukuru Mungu kwa dhati kabisa.

Akanunua kwa Hodan jora zima la nailoni. Akanunua katoni tatu za unga wa ngano, na bluu ya kufulia ili unga upate sura ya sumu. Akapiga pasi kingo, akapata vifuko sitini. Mwisho, kwa uchungu mkubwa, akanunua boksi moja la dawa halisi, la kuonyesha watu. Kazi ya uongo nayo ina gharama zake, jamani, hata kama hakuna anayewahurumia wafanyakazi wake.

Akaenda Ngao, kwenye kikundi cha akina mama wa pojo. Walikuwa wamepanda kando ya mto baada ya mafuriko kupungua, na sasa vidukari, wale wadudu wadogo wa kufyonza, wamejaa kwenye maua. Msimu uliopita walivuna majani matupu. Wiki moja zaidi bila dawa, na huu nao umekwenda.

Dokta akatumbukiza kifuko halisi kwenye ndoo. Kikayeyuka. Wanawake wakaguna kwa kuridhika. Kisha akagawa vile vyake wavishike.

"Tukifungua kimoja tu, tuone?" aliuliza Christine, mweka hazina.

"Mama, ukifungua hewa inaingia, dawa inakufa. Na wewe unaifuata."

Asenath, mwenyekiti, alikausha vidole kwa leso, akakipapasa kifuko. Nailoni ile ilikuwa na vidoadoa vidogo. Sasa, kitu ambacho Dokta hakujisumbua kuuliza ni hiki: shamba likipumzika, kikundi hicho hutarizi vitambaa vya meza vya harusi, na nailoni yao hutoka kwa Hodan, mita moja moja, kwa kunung'unika. Asenath alikasirika hadi masikio yakawaka moto. Halafu akatabasamu, akamvuta Dokta pembeni.

"Huu ni unga wa ngano, mwanangu."

"Unga gani, mama?"

"Mimi sikuzaliwa jana. Bluu ya kufulia hiyo hapo kwenye kucha zako."

Dokta akaangalia njia ya kutokea.

"Tulia. Kila mtu na riziki yake," alisema Asenath. "Lakini vifuko sitini ni mchezo wa watoto. Kulesa wanalia wadudu, huko mbele wanalia. Mimi nina wanawake ishirini wenye pasi za makaa. Tuletee nailoni na unga, tukufungie vifuko elfu. Wewe uuze, utatukatia chetu."

Dokta alihisi machozi. Miaka yote hii amefanya kazi peke yake, na kumbe kulikuwa na mtu wa kumwelewa.

"Na hilo boksi la kweli liache," aliongeza Asenath, "tuige kipimo."

Kesho yake alileta kila kitu. Akaambiwa arudi baada ya siku kumi, kwani akina mama hawapendi kusimamiwa.

Aliporudi, pojo zilikuwa zimesimama, kijani, zimejaa maganda, bila kidukari hata mmoja. Dokta alizipita bila kuziona. Alikaribishwa chai na mandazi. Alikula manne, akasifu mkono wa mpishi, ndipo akauliza vifuko viko wapi.

Asenath akampeleka uani. Wanawake walikuwa wamezunguka beseni. Kwenye kamba vilining'inia vitambaa vya meza, vimetariziwa maua mekundu, vya harusi tatu nzima. Kimoja kilikuwa bado na nailoni chini yake. Asenath akakitumbukiza, akakisuguasugua taratibu, akakiinua.

"Nailoni yangu," alisema Dokta.

"Nailoni gani?"

"Na unga?"

Wanawake wakatazama makombo kwenye shati lake.

"Na boksi langu la dawa?"

Safari hii wakatazama shambani. Dokta naye akatazama, na kwa mara ya kwanza akaziona zile pojo.

"Nitakwenda kwa chifu," alisema, ila sauti haikuwa na nguvu.

"Nenda," alisema Asenath. "Mwambie ulituletea nini, na ulitaka tukifanyie nini. Asipoelewa, tuite tukusaidie kueleza. Msimu uliopita sisi tulilia hapa, Dokta. Safari hii tulisema hapana."

Dokta akageuka. Akavaa kofia.

Christine akamwahi mlangoni na mandazi mawili, ameyafunga vizuri kwenye gazeti.

"Ya njiani," alimwambia. "Ila usifungue kabla ya Garsen. Hewa ikiingia, yanakufa."

Dokta aliyapokea kwa mikono miwili, na njia nzima hakuyafungua.